Plagini, Karasha na Ng'ombe wa Faini

Masumbwe, Jumapili jioni. Joto limekaa tu, mawingu yamejazana upande wa Kahama na mvua yenyewe haiji. Nimerudi nyumbani, nimenawa miguu, nimekunywa maji, na bado nina hasira ya kutosha kuchemshia maharage.

Kwa kawaida humu kwenye blogu naandika mambo ya printa kugoma na jinsi ya kupunguza ukubwa wa picha za pasipoti. Leo sina habari na printa ya mtu. Leo naandika ili nisiende kumgongea mtu mlango nikamwambia maneno ambayo hayarudi mdomoni.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitatukana.

Shangazi yangu Mama Kulwa, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Anapika kwenye mwalo wa Bosi Maduhu, pale wanaposaga mawe ya dhahabu na kuyachenjua kwenye matangi. Uji asubuhi, ugali mchana, chai jioni, kwa vijana wote wa pale, tangu mwalo ule ulipokuwa na karasha moja tu la kusagia mawe. Kila jioni anatoka getini na masufuria yake makubwa kichwani, kwa sababu ni mali yake na hapendi kuyaacha pale.

Jumatatu iliyopita kaboni ikapotea. Kaboni ni yale makaa madogo meusi wanayoyatia kwenye tangi yanyonye dhahabu. Mfuko mmoja ulioshiba ni nyumba ya bati na ng'ombe juu yake. Mchana mfuko ulikuwa chini ya ngazi ya tangi, jioni haupo. Watu wakaanza kuulizana: nani hutoka na chombo kikubwa kila jioni na hakuna anayeshangaa?

Jibu walilipata kabla chai haijapoa.

Hakuna aliyemkamata. Hakuna hata aliyemuuliza. Ila Jumanne asubuhi shangazi alipita kisimani akasalimia "Mwangaluka" kama anavyosalimia siku zote, na wanawake wote wakainamia ndoo zao. Mmoja wao, ambaye shangazi ndiye aliyemzalisha mtoto wake wa kwanza gari la hospitali lilipochelewa, akasikika akisema lisemwalo lipo. Hiyo methali nimeichukia. Mara ngapi linalosemwa halipo kabisa, lipo tu mdomoni mwa mtu asiye na shughuli?

Mtemi wa sungusungu, ambao ndio walinzi wetu wa jadi, asubuhi hiyo hiyo akakusanya watu, akatangaza mkutano wa Jumapili. Bosi Maduhu akasimama mbele ya watu akasema msihangaike, mwaloni kwangu kuna kamera, inaona kila kitu, mwizi tutamwona kwa macho yetu. Mtemi akakubali. Akasema picha zikija, picha ziamue. Zisipokuja, watu watapiga kura ya siri, kila mmoja aandike jina la anayemshuku, na atakayepata kura nyingi atatengwa.

Asiye wa huku anaweza kudhani kutengwa ni kununiwa. Ni zaidi ya hapo. Husalimiwi, huazimwi jembe, huuziwi chumvi, na anayekuonea huruma akakusalimia naye anatozwa faini. Ukifiwa hakuna anayekuja. Shangazi magoti yamemchoka na mapacha wake wako mbali, Kulwa yuko Arusha na Doto kaolewa Sengerema. Kura ile ingepigwa, kila mtu hapa alijua jina gani lingejaa kwenye kapu.

Bosi akanipigia simu Jumanne ile ile mchana. Sauti asali tupu: mwanangu, wewe si ndiye mtu wetu wa kompyuta, njoo ututolee hizo picha. Ama alisahau kwamba mshukiwa ni shangazi yangu, ama alijifanya amesahau. Nilikwenda mbio.

Sasa nielezee kidogo, kwa wale waliokuja humu kwa ajili ya mambo ya kompyuta. Kamera ile imeungwa kwenye kisanduku cha kurekodia, cha zamani. Tundu lake la kuunganishia runinga liliungua na radi mvua zilizopita, kwa hiyo njia iliyobaki ni kompyuta. Unaandika anwani ya kisanduku kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka, na ili picha icheze kivinjari kinahitaji plagini, yaani kiprogramu kidogo cha kujichomeka. Kwenye kompyuta ya zamani ya ofisini kwa bosi plagini hiyo ilikuwepo na ilifanya kazi miaka yote. Nikamwambia basi tuiwashe ile ya zamani, sasa hivi tumemaliza.

Akacheka kidogo, akajikuna shingo. Ya zamani haipo. Aliisaga.

Nilimwomba arudie. Alinunua kompyuta mpya, halafu mtu mmoja akamwambia ndani ya zile za zamani kuna dhahabu. Na ni kweli ipo, chembe isiyoonekana kwa macho. Basi mtu mzima, mwenye mwalo na wake wawili, akang'oa mabamba yote ya ndani, akayapitisha kwenye karasha kama mawe ya shimoni, akayachenjua kwa zebaki. Haikutoka hata ya kuziba jino. "Nilijaribu tu," akaniambia.

Nikakaa kwenye hiyo mpya. Ukurasa wa kisanduku ukafunguka mweupe pe, na kimstari kimoja katikati kikinitaka nipakue plagini. Nikapakua. Kivinjari kikasema faili hili ni hatari, kikalifuta. Nikapakua tena, kikafuta tena. Nikazima kinga, nikasakinisha, ikaniambia imekaa vizuri, nikafungua ukurasa: pakua plagini.

Nilipiga meza. Meza haina kosa.

Shida yenyewe ni hii. Kile kivinjari cha zamani tulichojifunzia sote, kwenye mfumo mpya wamekiondoa, na vivinjari vya leo havitaki hata kuzisikia plagini za aina ile. Wanasema ni kwa usalama wetu. Sibishi, zile plagini zilikuwa mlango wa virusi. Lakini waliokaa kwenye ofisi zao zenye kiyoyozi wakaamua kitu fulani kimeshazeeka, hakuna kati yao aliyekuwa na shangazi anayesubiri Jumapili. Kisanduku kizima, kamera nzima, picha zimo ndani, na hakuna pa kuzitazamia. Mbaya zaidi, kisanduku kikijaa kinafuta picha za nyuma ili kipate nafasi ya kurekodi mpya. Kila nilipokuwa nakuna kichwa, Jumatatu ilikuwa inaelekea kufutwa.

Jumatano nikajaribu kwa simu. Programu ya simu ya kisanduku kile imeshaondolewa, haipatikani tena. Alhamisi umeme ulikatika kutwa. Msimamizi wa zamu, mwanaume mwenye ndevu zake, akaja akasimama nyuma yangu akasema labda tuite fundi mwanaume kutoka Kahama. Nikageuka nikamwangalia mpaka akakumbuka ana kazi kwenye matangi.

Jioni hizo zote nilipitia kwa shangazi. Yeye alikuwa anakwenda kazini kama kawaida, anapika, vijana wanakula chakula chake huku wakimpa mgongo. Niseme tena hilo. Walikuwa wanakula. Ugali wa mwizi unashuka vizuri tu kooni, ila salamu ya mwizi ndiyo inayowakwama. Nilimwambia aache kwenda, akasema akiacha itakuwa amekiri. Nilikuwa sijaelewa bado uzito wa neno lile.

Ijumaa nikasoma majukwaa ya mafundi wenzangu mpaka bando likaisha, nikanunua jingine, nikasoma tena. Ndipo nikapata. Kumbe kivinjari cha zamani hawakukiua, wamekificha ndani ya kile kipya. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kivinjari-msingi, unaruhusu kurasa zifunguliwe kwa hali ya zamani, unakizima kivinjari na kukiwasha upya, unaongeza anwani ya kisanduku. Halafu unatafuta mipangilio ya kale ya intaneti, ambayo bado imo chini kabisa ya mfumo, unaweka anwani ile miongoni mwa tovuti unazoziamini na kuruhusu plagini zisizo na saini. Ukimaliza kazi yako rudisha kila kitu kilivyokuwa, msije mkasema mimi ndiye niliyewaletea virusi.

Nikafanya yote hayo. Plagini ikafunguka nusu, ikafa. Toleo lililokuwa kwenye kisanduku lilikuwa bovu. Zuri lilikuwa kwenye CD iliyokuja na kamera siku ya kwanza, na CD nikaambiwa imening'inia kwenye kioo cha mbele cha gari la bosi, pamoja na rozari, inang'aa vizuri jua likipiga. Nikaishusha mwenyewe. Kompyuta mpya haina pa kuingizia CD. Nikaenda kuazima kisomeo cha waya kwa jamaa wa studio anayerekodi harusi, nikarudi na bodaboda nimekikumbatia kama mtoto.

Jumamosi mchana ikakubali.

Nilikuwa nimemwita mtemi aje ashuhudie, ili asije mtu akasema nimepika picha. Tulikuwa watatu ofisini: mimi, mtemi na Bosi Maduhu. Na hapa niwe mkweli, maana hii ni shajara yangu. Kabla ya kubofya Jumatatu nilipangusa kwanza kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Shangazi namjua kuliko ninavyojijua, lakini nilikuwa nimesikia maneno wiki nzima, na maneno yanaingia. Sekunde ile niliogopa kuona. Hilo nalo linanikera, na wa kumlaumu simpati zaidi ya mimi mwenyewe.

Picha ikatokea. Jiko.

Mafiga, masufuria, shangazi kainama anapuliza moto, na kwa pembeni kipande cha geti. Nikadhani nimekosea kamera, lakini kamera ni hiyo moja. Nikarudi nyuma siku moja, jiko. Nikarudi mpaka picha ya mwanzo kabisa iliyobaki kwenye kisanduku, jiko. Tangi halionekani popote. Mtemi akauliza, kwa upole tu, matangi yako wapi. Nikamgeukia bosi, naye anaangalia viatu vyake.

"Dhahabu haipendi kuangaliwa," akasema. "Mtaalamu aliniambia niigeuze, la sivyo itakimbia."

Mtaalamu, kwa wasiojua, ni mganga. Bosi Maduhu alinunua kamera ya kulinda dhahabu, halafu akaigeuza isiione dhahabu, akaielekeza upande pekee ambao hakuna cha kukimbia. Kisha akasimama mbele ya watu akasema inaona kila kitu. Nikamuuliza mbona wiki nzima unaniona nahangaika hapa na hukusema. Akasema alidhani kwa kuwa ni kamera ya kisasa itakuwa inaona na ubavuni.

Basi tukakaa tukaangalia Jumatatu. Na nyie, sijawahi kumwona shangazi hivyo. Kumbe kamera ilikuwa inamtazama yeye tu, siku zote hizo. Anachambua mchele. Anapangusa jasho kwa ncha ya kanga. Anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasugua magoti, anainuka tena. Anampa mbwa wa mwaloni ukoko halafu anamfukuza kana kwamba si yeye aliyempa. Tangu mchana mfuko ulipokuwepo mpaka jioni ulipokosekana, hakutoka mbele ya kamera ile kwa muda wa kufika kwenye tangi na kurudi. Jioni anasuuza masufuria, anayapanga moja ndani ya jingine, anafika getini, mlinzi anayatoa moja moja, anachungulia, anamruhusu. Mwalo mzima, na walinzi wake, na wasimamizi wake, na bosi mwenyewe, hakuna mtu mwingine anayeweza kuonyesha alikuwa wapi Jumatatu ile. Ni yeye tu.

Mtemi aliangalia mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tumeelewa," akachukua fimbo yake akaondoka.

Leo mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Mtemi akasimama akasema Mama Kulwa hana hatia, yeye mwenyewe ameona. Akasema aliyetupa neno la uongo, kwamba kamera inaona kila kitu, atalilipia, kama sheria ya sungusungu inavyotaka, na Bosi Maduhu atatoa ng'ombe dume. Bosi akakubali papo hapo. Watu wakashangilia. Wanawake wa kisimani wakapiga vigelegele, wale wale wa kuinamia ndoo. Nilitafuta uso mmoja tu ulioona aibu, sikuuona. Kuhusu nani hasa aliondoka na kaboni hakuna aliyeuliza tena, maana ng'ombe alikuwa ameshafika anavutwa kwa kamba.

Akachinjwa. Nyama ikakatwa. Mtemi akauliza nani atapika.

Uwanja mzima ukasema Mama Kulwa.

Hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniua. Walisema kwa heshima kabisa. Mayu, yaani mama, nani huku anapika kama wewe, na masufuria makubwa unayo. Nikasimama pembeni nikasubiri shangazi awape maneno yao, maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa kwa niaba yake tangu Jumanne. Shangazi akafunga kanga kiunoni, akaagiza masufuria yake yaletwe.

Nikamfuata nyuma ya darasa alikokuwa anapanga mafiga. Nikamwambia shangazi, ng'ombe huyu amechinjwa kwa sababu ya dhuluma uliyofanyiwa wewe, na walaji ni wale wale waliokudhulumu, waache wale mbichi. Nililia, siwezi kuficha. Yeye aliendelea kusukuma kuni. Alipoona siondoki akanyoosha mgongo, akaniangalia.

"Nikikataa watasema nilikuwa na neno," akasema. "Mwenye hatia ndiye ananuna, mwanangu. Mimi sina ruhusa ya kununa."

Halafu akanipa kisu na sinia la vitunguu.

Nimemenya. Nilikuwa na majibu mengi lakini hakuna hata moja ambalo lingemsaidia yeye kesho asubuhi. Wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja kushika maji, kushika unga. Kila aliyefika alisalimia "Mwadela, mayu," na shangazi akamwitikia kila mmoja, kwa jina la mtoto wake, kana kwamba wiki iliyopita haikuwepo. Mimi sikumwitikia yeyote. Yule wa lisemwalo lipo alikuja na sahani mara ya pili, akasema mchuzi umekolea. Shangazi mwenyewe hakula. Alisema jino linamsumbua, na mimi najua shangazi hana jino bovu.

Wakati tunasuuza vyombo, Bosi Maduhu akaja pale, ameshiba, anachokonoa meno. Akamwambia shangazi wasahau yaliyopita, kesho waonane kazini. Shangazi akasema sawa, Baba. Kisha bosi akanigeukia mimi, akaniomba kesho nipite mwaloni niigeuze ile kamera irudi kwenye matangi. Mtaalamu wake ameshakubali, anasema kuna dawa ya kupaka kwenye nguzo.

Nikamwambia nitakuja.

Na nitakwenda. Nimeamua wakati natembea kurudi nyumbani, nikiwa na hasira hii hii. Nitamwambia kama anataka kulinda matangi anunue kamera ya pili, nitamfungia mwenyewe. Ya jikoni haigeuzwi. Nitahakikisha plagini inafanya kazi, CD nitaondoka nayo, na kila Ijumaa nitapita kunakili picha za wiki nzima za shangazi yangu akipuliza moto na kupanga masufuria yake. Maana mfuko mwingine utapotea, na siku hiyo watu wataulizana tena nani hutoka na chombo kikubwa.